Dola za Vichwa Vidogo

Vijana wa dirishani mmeniomba niandike kabla sijasahau, nami nimeona heri niandike kabla sijaanza kutia chumvi. Nimestaafu mwezi uliopita kutoka duka la kubadilisha fedha hapa Busia, upande wa Uganda. Nilipandishwa cheo mara kadhaa, na kila mara dirisha lilikuwa lile lile na kiti kilikuwa kile kile, kwa hiyo sitawachosha na habari hizo. Mshahara nao tuuache. Nililipwa kwa shilingi za Uganda, na mtu anayeshika dola kutwa nzima halafu anarudi nyumbani na shilingi hujifunza unyenyekevu bila kusubiri mahubiri ya Jumapili.

Sikuanzia dirishani. Nilianzia barabarani, kwa Mama Taaka, Msamia mwenzangu aliyetoka Sikuda kama mimi. Alikuwa akibadilisha fedha karibu na geti la mpaka, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, mwavuli kichwani. Siku ya kwanza alinifunga macho kwa leso yake na kuniwekea noti mkononi, moja baada ya nyingine. Shilingi ya Kenya niliijua, ya Uganda niliijua. Ya tatu sikuijua.

"Kwaruza na kucha," akasema. "Hapo kwa koti yake. Unasikia?"

Nikasikia mikwaruzo midogo, pale ilipo kola ya yule mzungu aliyechorwa.

"Mwanaume wa kweli kola yake nakwaruza. Kama ni laini, huyo si yeye. Wewe rudisha."

Mama Taaka hakuwahi kufika mbali zaidi ya Tororo, na hakuwa na haja ya kujua Amerika iko upande gani. Lakini kola za wakubwa wa huko alizijua kuliko wanavyozijua wake zao. Nimetumia mashine za kila aina tangu wakati ule, taa ya zambarau, kalamu ya wino, ile mashine ya kuhesabu inayolia kama jenereta iliyokosa mafuta. Zote zimewahi kunidanganya au kuzimika umeme ulipokatika. Kucha haijawahi kuzimika, kwa hiyo msizikate sana.

Jambo lililonishangaza siku zile za mwanzo ni simu ya asubuhi. Kabla hajabadilisha hata noti moja, Mama Taaka alimpigia mpwa wake aliye Kampala na kumuuliza dola imeamkaje. Baada ya hapo ndipo alipopanga bei ya shilingi ya Kenya kwa ya Uganda. Nikamwuliza: mahindi yanatoka Petta na Mwello, yanavuka mtaro huu wa mpaka, yanaliwa kule Kenya, muuzaji na mnunuzi wanaonana kwa macho, hiyo dola inaingia wapi?

"We mtoto," akasema, "hii shilingi mbili haijuani. Ni kama majirani wamekosana. Kila mtu natuma salamu kwa muzee, muzee napeleka kwa mwingine."

"Na mzee anapata nini?"

"Muzee? Anaheshimiwa."

Tangu siku hiyo nimesikia wataalamu wengi wakieleza habari za nguvu ya fedha duniani, na sijasikia maelezo yaliyozidi hayo. Sisi huku tuna msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu wa kijani alikuja, akaketi kiti cha mwenye nyumba, na sasa mwenyeji akitaka kujua thamani ya kuku wake anamwuliza mgeni. Wakubwa wa benki kuu ya kule wakiketi mezani na kupandisha riba, dola inapanda, mafuta ya lori yanapanda, na mama wa dagaa anakuja dirishani kukuta fedha yake imesinyaa wakati yeye amelala. Mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, "Na mimi niliwakosea nini?" Nilitafuta jibu kwenye kikokotoo, sikulipata.

Baadaye serikali ikataka kila mtu awe na leseni, na wenye uwezo wakafungua maduka yenye vioo. Mama Taaka alikataa kuingia ndani. Alisema fedha inayopitishwa kwenye tundu haina adabu. Mimi nikaingia, kwa sababu mvua ya Busia haina adabu zaidi. Alifariki akiwa bado na kiti chake cha plastiki, na siku ya mazishi kule Sikuda walikuja wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka. Nililia siku ile kama mtu aliyefiwa na mama yake mzazi.

Kuna semina moja ambayo lazima niitaje. Tuliitwa kwenye hoteli mjini Tororo, yenye madirisha yanayotazama ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji, tufundishwe kuhusu sarafu moja ya Afrika Mashariki. Mwezeshaji alikuwa kijana msomi, mwenye maneno mazuri, na alituambia kwa uchungu wa kweli kwamba hatutakuwa huru mpaka tuache kuitegemea dola. Tulipiga makofi. Mchana tukala kuku. Jioni tukapanga foleni kulipwa posho, na posho ilikuwa ya dola, kwa sababu wafadhili walikuwa wamepanga bajeti yao hivyo. Mwezeshaji alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Alipopokea zake alizigeuzageuza, akanigeukia na kuninong'oneza: "Mzee, hebu niangalizie, vichwa viko sawa?"

Sasa nifike kwenye habari ya vichwa, maana hiyo ndiyo hasa niliyotaka kuwaandikia.

Ninyi mmeikuta ikiwa kama amri ya mbinguni, lakini haikuwapo zamani. Noti za dola za zamani zina picha ndogo ya kichwa katikati. Za baadaye zina kichwa kikubwa. Nchi iliyozichapa haijawahi kukataa hata moja. Wao husema wazi kwamba noti yao ikishatoka haifi. Kenya ilipotaka kuua noti yake ya zamani ya elfu moja ilitangaza redioni, ikatoa siku, siku ikafika, noti ikafa, na tulioishi hapa tunakumbuka watu walivyokimbia na mabegi. Amerika haikutangaza lolote. Mabenki yetu wenyewe ndiyo yaliyoanza kuogopa kwamba vichwa vidogo ni rahisi kughushiwa na ni usumbufu kuvisafirisha kwao, yakapunguza bei, nasi tukayafuata. Kwenye ubao wa bei tukaweka mistari miwili, vichwa vikubwa na vichwa vidogo, na tofauti yake si ya kuchekea. Bwana mkubwa wa Amerika alinyamaza tu, na sisi watumwa wake tukawazika hai baadhi ya watoto wake ili kumfurahisha. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hilo bado linanikera.

Basi siku moja akaja Athieno wa Petta. Alikuwa mjane, mwanamke wa makamo, mwembamba, wa kusema polepole. Kwa miaka alikuwa akivusha vitunguu na njugu siku za soko, anapata shilingi za Kenya, na kila alipopata ziada ananunua noti moja moja ya dola kutoka kwa Mama Taaka na wenzake pale barabarani. Alikuwa amesikia kwamba shilingi huoza ndani ya nyumba lakini dola haiozi. Wakati ule vichwa vidogo ndivyo vilivyokuwa vikipatikana, na hakuna aliyekuwa na neno navyo.

"Jambo, Musee Wandera."

"Jambo, mama. Petta wazima?"

"Wazima tu. Naleta pesa yangu. Nataka unibadilishia, unipa zingine, mpya."

Akasukuma bahasha ya khaki. Nikatoa noti, na nakwambieni, sijawahi kuona kitu kama kile. Zilikuwa ngumu kama kola ya shati la padri. Ungeweza kusimamisha moja mezani ikasimama. Nikainusa, ikanuka muhogo.

"Mama, umezifanya nini?"

"Zilikuwa kwa mkebe, unyevu iliingia, zinanuka. Nikaosha pole pole. Nikatia wanga, nikapiga pasi. Nyinyi si mnakataa pesa ya makunyanzi?"

Ni kweli tunakataa. Dola yenye mkunjo, yenye alama ya kalamu, yenye tundu la pini, tunairudisha na uso wa mtu aliyepewa samaki aliyeoza, wakati shilingi yetu tunaipokea hata ikiwa imeshonwa kwa uzi. Mwanamke huyu alikuwa amezipa noti zile heshima ile ile aliyoipa gomesi, gauni lake la Krismasi. Nikakwaruza kola. Ilikwaruza, hata chini ya wanga. Nikaziweka kwenye taa, zikapita zote. Zilikuwa za kweli, kila moja, na kila moja ilikuwa ya kichwa kidogo.

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea kioo.

"Kwa hivyo kichwa kikubwa ndiyo nalipwa sana?"

"Ndiyo, mama."

"Hata kwa watu ni hivyo," akasema, akacheka kidogo. Halafu akauliza: "Amerika wenyewe wamesema hii imekufa?"

"Hapana. Wanasema ni nzima."

"Sasa nani amesema?"

"Ni sisi," nikajibu, na niliona aibu kulisema.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na akanieleza kwa nini amezileta. Mumewe alikuwa amelima maisha yake yote kwenye shamba lililoandikwa jina la kaka yake mkubwa, Obbo, mtu wa ofisini Kampala. Sasa mume alikuwa amekufa na kuzikwa pale pale, na Obbo alitaka kuuza. Wazee wa ukoo walimbana mpaka akakubali kumpa mjane nafasi ya kwanza, kwa bei ile ile aliyotaja mnunuzi wa mjini, na kwa dola. Udongo wa Petta haujawahi kuvuka hata mto Malaba, lakini bei yake ilikuwa ya ng'ambo. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Athieno alikuwa ameomba alipe kwa shilingi, nusu sasa na nusu baada ya mavuno, Obbo akakataa. Dola za kwenye bahasha zilitosha kamili, ila alitaka mpya, asije Obbo akazikataa kwa ukongwe. Akizibadilisha kwa bei ya vichwa vidogo, zingepungua karibu robo.

"Akiuza, nakwenda wapi?" akasema. "Narudi Mwello kwa ndugu zangu na masufuria? Na bwana yangu namwacha na wageni?"

Sikuwa na uwezo wa kubadili ubao. Nikamwambia ukweli: asizibadilishe leo, maana akishazibadilisha hasara ni yake. Akazirudisha kwenye bahasha moja moja, akihakikisha hazikunjiki, akatoka. Nilikaa kwa hasira mpaka jioni, na wateja wa siku ile wanisamehe.

Baadaye wiki hiyo nikapigiwa simu na Obbo mwenyewe. Alikuwa ameambiwa kwamba shemeji yake ana dola, na hakuamini. Wanawake wa kijijini, alisema, huuziwa bandia. Alitaka mtaalamu wa fedha aje Petta azikague mbele ya ukoo, na akachagua duka letu kwa sababu lina kioo. Bosi akaniruhusu. Nikapanda bodaboda na taa yangu ya zambarau ndani ya koti.

Niliwakuta uani kwa Athieno, wazee wa ukoo kwenye mabenchi, mwenyekiti wa kijiji na muhuri wake, wanawake kwenye mkeka kando. Obbo alikuwa amevaa suti na viatu vilivyochongoka, na kila aliposimama visigino vilizama kwenye udongo aliokuja kuuza. Nilimtazama kwa muda na nikaelewa jambo moja. Dola za mtu huyu zilikuwa mdomoni na kwenye simu. Aliijua bei yake ya asubuhi na ya jioni, lakini sidhani kama alikuwa amewahi kuipapasa.

Athieno akapiga goti, kama inavyompasa mke wa ukoo, akasema:

"Shemeji, naomba mara moja tena, hawa wazee wanasikia. Nikupa shilingi ya Uganda. Nusu leo, nusu nikivuna wimbi."

"Shilingi ya Uganda leo ni pesa, kesho ni majani," Obbo akasema. "Nilisema dola."

"Dola ya namna gani? Wewe sema tu, wasikie."

Obbo akacheka, akawageukia wazee ili nao wacheke. "Ati namna! Dola ina namna? Dola ni moja dunia nzima, mama. Ndiyo maana naitaka."

Mzee mmoja aliyekuwa amefumba macho muda wote akayafumbua. "Tumesikia," akasema. "Maji ukishayavulia nguo, oga."

Bahasha ikafunguliwa. Nikapewa meza ndogo. Nilizipitia noti zote kwa taa na kwa kucha, sikuruka hata moja, huku kuku wakiparura nyuma ya jiko.

"Wandera," Obbo akasema, "bandia au halali?"

"Halali zote. Serikali iliyozichapa haijakataa hata moja."

Kuna mmoja wenu aliyeniuliza juzi kama sikupaswa kusema zaidi. Nimelifikiria sana. Niliitwa nitafute bandia, na bandia haikuwapo. Mtu mwenye haja ya kujua habari ya vichwa alikuwa ameulizwa waziwazi, mbele ya ukoo mzima, naye akawa mwalimu wetu. Mimi ni nani nimkosoe mtu wa Kampala?

Obbo akazichukua, akazikung'uta. Zikalia vizuri.

"Ngumu," akasema, amefurahi. "Mpya kabisa hizi. Bado zina harufu ya kiwanda."

Wanawake kwenye mkeka wakainamisha vichwa. Athieno hakuinamisha chake. Mwenyekiti akapiga muhuri, wazee wakaweka vidole gumba, mti wa mpaka ukapandwa, na tukala mbuzi. Obbo alikula vizuri na kuondoka mapema, akitaka kuwahi Kampala kabla ya foleni za jioni.

Jumatatu hakuja. Nadhani Jumatatu na Jumanne alikuwa akizunguka Kampala, maana wenzetu wa kule nao wana vioo na mbao za bei. Alikuja katikati ya wiki. Suti ilikuwa ile ile, lakini ilikuwa imechoka zaidi yake. Akaibandika bahasha ya khaki kwenye kioo changu.

"Wewe ulisema hizi ni halali!"

"Ni halali, bwana."

"Mbona wananikata karibu robo kila mahali?"

"Hawakukati, bwana. Wanakupa bei ya vichwa vidogo." Nikamwonyesha ubao, mstari wa pili. "Na hapa ni hivyo hivyo."

Akasema ni wizi. Nikakubaliana naye. Akasema atazipeleka Amerika kwenyewe, zikalipwe kamili. Nikamwambia huko zitapokelewa kwa mikono miwili, ila tiketi ya ndege wanataka vichwa vikubwa. Akauliza kama ningemhurumia, maana tulikula mbuzi pamoja. Nikamwambia huruma ingekuwa yangu ningeitoa, lakini bei inatoka Kampala, na Kampala inaipata mbali zaidi, na hakuna hata mmoja wetu anayejua jina la mtu wa kumlalamikia. Lilikuwa neno la kweli kabisa, na nililisema kwa furaha ambayo sijui kama nitaipata tena kabla sijafa.

Nyuma yake foleni ilikuwa inakua, wachuuzi wa dagaa, dereva wa lori la saruji, mama mmoja na kuku wawili. Mwishowe akasukuma bahasha kwenye tundu.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Nibadilishie."

"Nikupe za Kenya au za Uganda?"

Akatazama nyuma, kama mtu anayeogopa kusikiwa na ndugu zake.

"Za Uganda," akasema.